Mtihani Uliokataa Kuwa Feki

Pyo Gwang-su aliiona riziki yake Noryangjin, ule mtaa wa Seoul ambako vijana hula wali wa kikombe wakiwa wamesimama ili wasipoteze muda wa kukariri. Bila alama nzuri za Kiingereza hakuna kazi. Basi akawauzia mtihani wa Jumapili "uliovuja kutoka bodi ya mitihani". Haukuvuja popote. Aliutunga mwenyewe, kitandani, amevaa soksi moja.

Ilikuwa biashara tukufu: aliyenunua mtihani wa wizi hawezi kwenda polisi kulalamika kwamba haukuibwa.

Akaja mteja mmoja, Tak Mi-ran, aliyedai kufeli kila mwaka.

"Mwalimu, swali la daktari wa meno lina majibu mawili sahihi."

"Wewe dada, si umesema huwa unafeli?"

"Ndiyo maana nayajua maswali. Na hili la kusikiliza, hata kiziwi analipata. Bodi haitoi uchafu huu. Umeuziwa feki, kaka."

Tuhuma hiyo ilimchoma, hasa kwa kuwa ilikuwa kweli. Akaahidi kumuuliza "mtu wake wa ndani", akaenda kitandani, akatunga upya. Mi-ran alirudi na kasoro nyingine, na nyingine tena, hadi mtihani ukang'aa.

"Nakupa wewe peke yako," Gwang-su akanong'ona, kama alivyowanong'oneza wateja wote.

Jumapili mchana, baada ya mtihani, mteja mwingine akapiga simu.

"Mwalimu! Yametoka yote! Hata la meno!"

Gwang-su akakaa sakafuni. Katika maisha yake ya utapeli hakuwahi kumpa mteja alichomwahidi. Akampigia Mi-ran.

"Mimi ni mtunzi wa bodi," Mi-ran akasema. "Mwaka huu kichwa kilinikauka, nikapeleka maswali yako. Si ulisema nimepewa peke yangu?"

"Na wewe ukaamini? Mtu mzima?"

Simu ikakatwa, na haikupokelewa tena. Polisi walipomkamata Gwang-su kwa kuiba mtihani wa bodi, Mi-ran aliapa kwao kwamba hamjui yeye wala soksi yake.

"Afande, mimi si mwizi wa mitihani," Gwang-su alilia kituoni. "Mimi ni tapeli! Yale maswali niliyatunga mwenyewe!"

Afande akasogeza pingu pembeni, akampa karatasi. "Haya, tunga moja hapa."

Gwang-su akatunga kwa jasho na fahari. Afande akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Jibu ni A."

"Naam, afande! Umeona?"

"Na C je?"

Gwang-su akaisoma C huku afande akizivuta tena pingu. Ilikuwa sahihi kabisa.