Malalamiko Kuhusu Somo la Kupumua Kabla ya Kujibu

Kwa Mwalimu Mkuu,

KUH: BINTI YANGU KUHARIBIWA KWA ADABU

Pokea kwanza heshima zangu. Mimi ni dereva wa malori makubwa, mtu niliyevuka mipaka mingi kuliko iliyochorwa kwenye ramani ya ofisini kwako. Nimebishana na askari wa mizani kwa lugha nisizozijua na nikashinda. Shule niliiacha njiani, lakini dunia imenifundisha bila likizo. Kwa hiyo ninaposema somo lenu jipya la stadi za maisha ni hatari, usidhani anayesema ni mtu wa hivi hivi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Binti yangu yuko kidato cha pili. Umri huo unajulikana ni wa kununa na kubamiza milango. Tulijiandaa, mlango wake niliufungia bawaba mpya, imara. Sasa habamizi. Anakaa kitandani, anapumua polepole, halafu anakuja sebuleni kutueleza kilichomuudhi. Bawaba zangu zimekaa bure.

2. Mwalimu wa ushauri aliwapa zoezi la kumuuliza mzazi anajisikiaje. Nikajibu najisikia njaa. Binti akasema, kwa heshima zote, hiyo si hisia, nijaribu tena. Nikajaribu uchovu. Akanipa nusu alama.

3. Ugomvi nyumbani umekufa. Zamani mimi na mama yake tulikuwa tunaanzia kwenye chumvi tunaishia kwenye ukoo wa mtu. Siku hizi binti anakaa katikati, anataka kila mmoja arudie alichosema mwenzake kabla ya kujibu. Nami nikiyarudia maneno ya mke wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, naona ana hoja. Mwanamume ataishije hivyo?

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Juzi nimerudi safari, nikaingia na sauti yangu ya kawaida, ile ya kushindana na injini, nikiuliza nani kaacha baiskeli mlangoni. Binti akasubiri nimalize. Kisha akaniambia taratibu kwamba mdogo wake, kitindamimba wangu, akisikia lori linaegeshwa huingia chini ya kitanda, na hatoki mpaka nilale. Akaongeza kuwa hanilaumu, anasema kwa sababu ananipenda. Nikaenda chumbani kwa huyo mdogo, nikainama, nikachungulia. Alikuwemo, amekumbatia kiatu changu cha zamani.

Sasa niambie, Mwalimu, mtoto kama huyo mtu anamjibuje? Mngemfundisha utovu wa adabu, ningejua pa kuanzia.

Kwa sababu hizo naomba somo hilo lifutwe kabla halijaenea kwa watoto wa watu wengine. Mkikataa, nitasimama kwenye mkutano wa wazazi, na mimi sihitaji kipaza sauti.

Nisalimie walimu wote, karani, wapishi, na yule mlinzi aliyenikatalia kuegesha, mwambie sina kinyongo naye.

Wako katika malezi,
Dereva, barabara nzima inanijua kwa jina la Breki Baadaye

N.B. Binti ameisoma barua hii. Anasema mada ya kuomba radhi iko muhula ujao. Haiwezekani, Mwalimu. Kesho naondoka tena na Ijumaa nitakuwa nyumbani. Msifute kitu. Mwalimu wa ushauri ailete mada hiyo wiki hii hii, au anifundishe mimi peke yangu kwa simu. Kupumua nimeshaweza. Ninachokosa ni maneno ya kumwambia mtoto aliye chini ya kitanda, ili atoke mwenyewe.