Nani Ataituliza Laini ya Bwawani

Jumatatu, 6 Mei

Habari kubwa! Meneja katangaza kwamba cheo cha mkuu wa uchambuzi kiko wazi. Atakayeituliza laini ya umeme ya bwawani ndiye atakayekipata. Kila jioni, watu wakiwasha majiko na taa, mitambo ya bwawani na ya mjini huanza kuvutana. Umeme unaenda, unarudi, unaenda tena, kama bembea. Kuyumba huko kukizidi, laini inajikata na nusu ya nchi inabaki gizani.

Washindani ni wawili: mimi, na Mama Mawimbi wa meza ya jirani. Mhandisi yule, jamani! Anautazama mchoro kwenye skrini, anakwambia mtambo gani umeanza kumvuta mwenzake. Hakosei. Namwonea wivu hadi chai naiacha ipoe, lakini kazi yake ni tamu kuitazama, nisiseme uongo.

Jumanne, 7 Mei

Nimehamisha meza. Nimesingizia kwamba kiyoyozi kinaniumiza shingo. Sasa naiona skrini yake yote! Anajaribu kwenye kompyuta kukiongezea nguvu kitulizi, kile kifaa cha bwawani kinachosukuma kinyume na bembea ya umeme. Akaongeza, bembea ikapungua. Kumbe rahisi hivyo! Akaongeza tena, akaguna, akaenda kula.

Sikusubiri arudi. Nimempelekea meneja pendekezo langu: kitulizi kiongezwe mpaka mwisho. Ameniita bingwa. Nimempigia mke wangu nikamwambia aanze kuzoea kuitwa mke wa mkuu. Akauliza kama mkuu huyo atapitia sokoni kununua vitunguu.

Jumatano, 8 Mei

Siku ya jaribio. Chumba kimejaa. Nimevaa tai ya harusi yangu. Fundi wa bwawani, kwenye simu, akaongeza kama nilivyomwagiza. Mawimbi yakalala chali! Meneja akapiga makofi. Nikainama kushukuru.

Nilipoinuka, mchoro ulikuwa unatetemeka. Vitetemeko vidogo, vya haraka, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia. Nikamwambia fundi aongeze zaidi! Akasema kimeshafika mwisho.

Mama Mawimbi akanyoosha mkono, akaichukua simu. Sauti ileile anayoagizia chai. "Kaka, rudisha kidogo. Kidogo tena. Hapohapo, usiguse."

Mchoro ukatulia. Bembea kubwa kimya, vitetemeko kimya. Nilipiga makofi peke yangu, machozi yakinilengalenga. Uzuri ule! Akatueleza bila kunicheka. Mtoto akiwa kwenye bembea, ukimsukuma wakati anakujia, anapunguza kasi. Lakini mwenzake anayebembea harakaharaka, mkono uleule humfikia umechelewa, akiwa ameshageuka, ukamwongezea kasi. Kitulizi kinawasukuma wote wawili, bembea kubwa na vitetemeko, kwa pamoja, kwa hiyo lazima kiwe cha kiasi. Hicho ndicho alichokiona jana akaguna.

Alhamisi, 9 Mei

Cheo ni chake. Ni halali yake, nakubali kwa moyo mmoja, ingawa moyo wenyewe unauma. Meneja alitaka nipelekwe stoo. Mama Mawimbi akakataa, akasema mtu anayelizwa na mchoro hatupwi, na akaniomba niwe msaidizi wake. Sharti moja: nisiguse kitulizi kabla ya kujaribu kwenye kompyuta. Nimeapa mbele ya wote. Mwanamke wa ajabu huyu!

Ijumaa, 10 Mei

Mama Mawimbi kaenda bwawani kukagua mitambo, kaniachia kiti chake. Jioni likaja wimbi dogo. Nikampigia. Akasema niliache, litaisha lenyewe. Nikakunja mikono. Likaisha! Meneja akapita wakati huohuo, akauliza nani kalituliza. Mdomo ukajibu kwamba ni mimi.

Kafurahi mno. Jumatatu analeta wajumbe wa bodi niwaonyeshe ninavyofanya. Kagusia pia kwamba kutakuwa na nafasi ya naibu mkuu.

Tatizo ni moja tu. Je, laini ikiwa shwari siku hiyo? Wajumbe wataona nini? Basi nimeshazungumza na fundi wa bwawani. Wageni wakishakaa, akiongeze kitulizi ili mchoro utetemeke, nami niutulize. Kaniuliza kiasi gani. Nimemwambia mpaka mwisho, maana wajumbe wengine hawaoni vizuri kwa mbali.