Waya wa Kompyuta Namba Tatu

Jumatatu, 2 Juni 2003
Rawiya kaja tena dukani kwetu Malindi, kakaa kompyuta namba tatu. Kaniomba nimtumie Azzan wa Maskati picha yake. Kavaa baibui jipya, anacheka. Nimeituma kwa mkono wangu mwenyewe! Miaka miwili Azzan anaandika tu, haposi. Mie ningeposa leo, lau angenitazama. Basi nshaamua: barua pepe zake zitapita kwangu kwanza.

Jumanne, 3 Juni
Nimeuchomoa waya wa namba tatu, nikauchomeka kwenye kompyuta yangu. Sasa Rawiya haingii mtandaoni ila kwa mlango wangu. Lakini kwa haraka kompyuta yangu nimeipa anwani ileile ya kisanduku kinachogawa mtandao duka zima. Kompyuta zote zimepotea njia! Mzungu mmoja alikuwa katikati ya kukata tiketi. Kelele zake! Bi Shemsa, mwenye duka, kauliza kama kaniajiri kuunga nyaya au kuziua. Nimesingizia panya. Kanunua mtego.

Jumatano, 4 Juni
Anwani nimeibadilisha. Raha! Kwa Rawiya kila kitu kinapita isipokuwa barua, za kuja na za kwenda. Akiita, naam! Nazama chini ya meza, natikisa waya, nahema. Kasema pole kaka, unavyojitesa. "Kaka" silipendi, lakini ni mwanzo.

Jumanne, 10 Juni
Azzan kimya, Rawiya kalia mbele yangu. Nimempa leso yangu. Kaniletea halwa! Nimemwambia wanaume wa mbali ndivyo walivyo. Kaitikia kwa kichwa. Nnakwenda kumwambia mama atafute washenga.

Ijumaa, 13 Juni
Lahaula! Azzan kashuka na ndege, yeye na baba yake. Ule ukimya umemtia wazimu, kadhani Rawiya kaposwa na mwengine. Kaposa jana, kakubaliwa jana. Rawiya kaja kunishukuru! Eti mtandao ungekuwa mzima, Azzan angekuwa anaandika mpaka leo. Nimecheka naye. Kisha nimeingia stoo kulia, nikakanyaga mtego wa Bi Shemsa.

Jumatatu, 16 Juni
Kidole kimevimba. Arwa, mdogo wake Rawiya, kakaa namba tatu. Macho yale! Sijui nilikuwa nikitazama wapi siku zote. Anamwandikia Muhannad fulani wa London. London si Maskati, nauli peke yake itamshinda. Barua zake nshazifunga.