Sabuni ya Mimea ya Bwana Povu

Mtaani walimwita Povu hata kabla hajaijua biashara ya sabuni, kwa jinsi maneno yalivyomtoka kinywani: mengi, mepesi, na ukiyashika hubakiwi na kitu. Siku moja, akimsubiri mkewe nje ya saluni, aliona wanawake wakigombea vipande vya sabuni vyenye majani ndani, vimefungwa kwa karatasi ya kaki kama dawa. Hakuuliza vinatengenezwaje. Aliuliza vinauzwaje.

Jioni hiyo hiyo mkewe alikabidhiwa miche ya sabuni ya kufulia na kikwaruzio cha karoti. Mke alikwaruza, akayeyusha kwenye sufuria, akatia mwarobaini uliopondwa, utomvu wa mshubiri na manjano kidogo, akamimina kwenye vibati vya kuokea mkate. Povu yeye alitia maneno. Aliwaambia wateja kwamba sabuni yake haijui kemikali, na kwamba majani huchumwa alfajiri na mtu asiye na kinyongo. Watu wazima, wenye shahada zao na mabafu ya marumaru, waliinusa, wakafumba macho, wakasema ngozi imeshaanza kuitikia.

Aliyejaa tamaa kuliko wote alikuwa mama mwenye nyumba ya wageni. Yeye hakutaka kipande. Alitaka biashara nzima, vibati na sufuria, na Povu asiuze tena popote. Malipo yake yangekuwa pikapu iliyoegeshwa pale uani kwake. Povu alijifanya kuumia moyo, kisha akamtungia papo hapo namna ya kuipika, akimsihi asikoroge akiwa amenuna. Mama akaitikia kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nyumbani mkewe alimwambia mtu mwenye uchu namna ile hatoi gari kirahisi. Povu alicheka, akamwita mwoga, akaondoka na pikapu bila hata kumpakia.

Hakufika mbali. Kwenye kituo cha mafuta mwenye pikapu aliitambua, akachomoa ufunguo na kuita polisi. Mama yule alikuwa ameikodi tu kubebea magodoro.

Povu alipotoka mahabusu alikwenda moja kwa moja nyumba ya wageni. Mapokezi palikuwa pamejaa wanunuzi, na sabuni ilikuwa imepanda bei maradufu.

"Umeibiwa, mama," alimnong'oneza kwa hasira. "Ile ni sabuni ya kufulia."

"Najua, baba. Nilifulia shuka siku ya kwanza, zikatakata," mama alijibu huku akifunga kifurushi. "Mimi sikununua sabuni. Nilinunua yale maneno yako, na yanauza kweli."

Povu alikwenda kusimama mlangoni awatangazie wanunuzi, ndipo pazia la jikoni lilipofunuliwa. Mkewe alitoka na sinia la vipande vipya, amevaa aproni iliyopigwa pasi.

"Sogea kidogo, mume wangu," alisema kwa upole. "Unawazibia wateja mlango."