Kamera kwa Mkono wa Kulia

Mtu anayetaka kamera na hana pesa ya kutosha hujulikana kwa miguu. Husogea dirishani, asome bei, arudi nyuma kama aliyeunguzwa, halafu asogee tena kuona kama bei imepungua alipogeuka. Fidel alikuwa ameegemea nguzo ya Biashara Street, Nairobi, anatafuna njugu, akawaona wawili wakiicheza ngoma hiyo mbele ya duka: msichana mwenye simu iliyopasuka kioo, na mama yake, aliyekuwa ameukumbatia mkoba kama mtoto mwenye homa.

Fidel akajipangusa chumvi ya njugu, akawashukuru kimoyomoyo waliomzaa kwa kumpa uso wa kuaminika, akasogea.

"Sasa, siz. Usinunue hapo," akasema taratibu, macho pembeni kana kwamba anatoa siri ya serikali. "Hiyo bei ni ya watalii. Unataka kamera ya kufanyia nini?"

"Video za mapishi," msichana akasema. "Mama anapika, mimi narekodi. Simu yangu inaonyesha biriani kama matope."

"Sahar, umeulizwa habari za biriani?" mama akamkata.

Huyo mama ni Bi Fathiya, mzaliwa wa Mombasa, anayeuza mahamri na viazi karai pale Adams Arcade. Ndani ya mkoba ule mlikuwa na pesa za zamu yake katika chama cha kuchangiana, zamu aliyoingoja mwaka mzima. Alikuwa ameipangia jiko kubwa la gesi. Binti akaomba kamera, akaomba tena, akalia kidogo, na mama ni mama. Zikipotea hizo, hakuna jiko na hakuna kamera.

"Naitwa Fidel, mtu wa video," Fidel akasema. "Nimepata kazi kwa shirika fulani, wamenipa kamera kubwa. Ile yangu ya zamani nataka iende kwa mtu anayeanza, kama nilivyoanza mimi. Nipeni namba, mningoje hoteli ile ya juu. Agizeni chai."

Akataja bei. Ilikuwa kama theluthi ya ile ya dirishani. Bi Fathiya akaukumbatia mkoba zaidi, lakini ngazi akapanda.

Sasa lazima tueleze kazi ya Fidel, maana kila fundi ana heshima yake. Alikuwa na mabegi mawili meusi, mapacha. Moja lilikuwa na kamera nzima, nzuri, aliyoipata kwa jasho lake, yaani jasho la kukimbia. La pili lilikuwa na tofali. Alikuwa amelichonga, akalivika taulo, akalipima kwenye mizani ya muuza nyanya mpaka mabegi yakalingana uzito kabisa; kila la tofali likiondoka, alitengeneza jingine. Akiketi mezani, begi la kamera hukaa mguu wa kulia, la tofali mguu wa kushoto. Mteja hujaribu kamera, akaridhika, kamera ikarudi begini, begi likarudi chini. Kisha mkono wa kulia hupokea pesa, na papo hapo wa kushoto humpa mteja tofali. Mikono yake ilikuwa imeizoea kazi hiyo hata hakuhitaji kuifikiria. Kamera ile moja ilikuwa imeuzwa mara nyingi kuliko kamera yoyote Nairobi, na haikuwahi kulala nje. Ndiyo iliyokuwa shamba lake, ng'ombe wake na pensheni yake.

Alipofika hotelini na mabegi yake, alianza kwa mawaidha.

"Mama, mji huu una wakora. Usinunue kamera hujaijaribu. Siz, tia kadi yako mwenyewe, usitumie ya muuzaji. Shika lenzi mwangani uangalie kama ina ukungu ndani. Rekodi, usikilize sauti. Angalia kama betri inashuka upesi."

Yote hayo ni kweli, na anayenunua ayashike, hata kama mwalimu ni mwizi. Sahar akamrekodi mama yake akinywa chai. Akacheza video. Kwa mara ya kwanza chai ikaonekana kama chai.

"Mama, angalia mvuke," akasema, akairudisha video mwanzo.

"Nimeuona," Bi Fathiya akasema. Mkoba ukaanza kufunguka wenyewe.

Sahar akatoa kadi yake. Fidel akairudisha kamera begini, begi akaliteremsha mguuni, akainama mbele kama daktari mwenye habari nzito.

"Mambo mawili. Begi msilifungue njiani, wezi wanaangalia. Mfike nyumbani, mfunge mlango, ndiyo mfungue. La pili ni hii namba niliyowapigia. Imeingiliwa na wakora. Leo jioni naizima. Mkiipiga, au mtu akiwapigia kwa hii namba aseme ni Fidel, hata kama sauti ni yangu, huyo si mimi. Atakuja na hadithi tamu. Mkateni."

"Subhanallah," Bi Fathiya akasema. "Wanaiga mpaka sauti?"

"Mpaka kicheko, mama."

Akacheka, ili wakijue. Bi Fathiya akaitoa bahasha. Mkono wa kulia wa Fidel ukaipokea; wa kushoto ukapanda na tofali.

"La," Bi Fathiya akasema.

Fidel akalishikilia begi hewani. "La nini, mama?"

"Mkono wa kushoto? Kitu cha kwanza cha riziki ya mwanangu unampa kwa mkono wa kushoto? Mimi nimekupa kwa wa kulia. Rudisha chini, uanze upya."

"Mama, jamani," Sahar akanong'ona.

"Nyamaza wewe. Na useme bismillahi, baba. Hakukupunguzii kitu."

Fidel akapumua. Kumbe ni hayo tu. Akaliteremsha tofali mguu wa kushoto, akaisukuma bahasha mfukoni, akamtazama mama yule machoni kwa tabasamu la mtoto wa madrasa.

"Samahani, mama. Bismillahi."

Na mkono wa kulia ukashuka, ukachukua begi la kulia kama ilivyokuwa kawaida yake, ukampa Sahar. Uzito ulikuwa ule ule.

Usidhani Bi Fathiya alijua lolote. Ndivyo wanavyopeana vitu kwao. Wewe mwambie mwanao asingoje bahati kama hiyo: begi lifunguliwe pale pale mezani, muuzaji akiona haya asione.

Mchana Fidel alikuwa Hurlingham, kwenye mgahawa wa Argwings Kodhek Road, na mteja mwingine. Huyu alikuwa mzee Nzula, muuza nyama wa Dagoretti, mwenye gamubuti na mabega kama mlango, aliyetaka nyama yake ionekane kwenye simu za watu.

"Leta tuone hiyo mashine," Nzula akasema.

Fidel akafungua kwa madaha begi alilobaki nalo, akidhani ni la kamera. Taulo likafunguka. Tofali likakaa mezani, kati ya chai na sukari.

Nzula akasogeza sukari pembeni. Akalibonyeza.

"Kijana," akasema kwa upole, "umeuziwa hii?"

Fidel alifungua mdomo, na ulimi uliomlisha miaka yote ukamtoroka. "Ndiyo," akasema.

"Pole sana. Na hukufungua begi?"

"Sikufungua."

"Ninyi vijana mnaamini kila mtu. Hata uso wako ni wa kudanganywa, nilikuona tu ukiingia. Amka, twende polisi. Shemeji yangu yuko huko, watamtafuta huyo mwizi mpaka wampate."

"Wacha tu, mzee. Nimemwachia Mungu."

"Una moyo mzuri," Nzula akasema, akamlipia chai.

Nje, Fidel akaliweka begi ukingoni mwa barabara, akaketi juu yake, akapiga simu. Ilipokewa na Bi Fathiya. Nyuma yake mafuta yalikuwa yakichemka na Sahar akisema, "Usiangalie kamera, mama, angalia sufuria."

"Mama, ni mimi Fidel. Wa kamera."

"Sauti umeiga vizuri."

"Siigi, mama. Kumetokea makosa. Nimewapa begi lisilo lenu."

"Ndani mna kamera. Tulilipia kamera. Ulitaka tukute nini?"

Katika ufundi wake wote, swali hilo Fidel alikuwa hajawahi kulifanyia mazoezi.

"Nitawarudishia pesa mara mbili," akasema.

"Hiyo ndiyo hadithi tamu. Alitwambia utakuja nayo."

"Ni mimi niliyewaambia, mama. Wallahi ni mimi."

"Sikiliza, wewe mwizi," Bi Fathiya akasema. "Fidel ni kijana wa heshima. Amempa mwanangu kitu kwa mkono wa kulia, na bismillahi akasema. Usimchafulie jina."

Akakata. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumtetea Fidel namna hiyo, na alikuwa ameketi juu ya tofali.