Korongo Hawaondoki Siku Isiyokuwepo

Ijumaa, 20 Februari

Mama mkwe amejua. Nilidhani itamchukua wiki. Imemchukua muda wa kutoka jikoni hadi zizini.

Ni kweli, ng'ombe wake Yangka hayupo. Yuko njiani kwenda mjini Thimphu na bwana mmoja mpole sana, na mimi nina kamera. Na si kamera hivi hivi! Lenzi yake ndefu kama mkono wangu hadi kiwiko. Nilimweleza mama mkwe kwamba ng'ombe hutoa maziwa tu, lakini kamera hutoa chochote utakacho. Akaniuliza kama hutoa siagi.

Mama mkwe, Aum Lhaden, si mtu wa kubishana naye. Nyumba ni yake, zizi ni lake, hata mke wangu Choki ni wake zaidi kuliko wangu. Mimi ni mkwe wa kuhamia tu. Alisema bila kupandisha sauti, na hapo ndipo pabaya: "Korongo bado wako bondeni. Siku watakayoondoka, kama zizini mwangu hamna ng'ombe, Wangda, ondoka nao. Wao wana kwao, na wewe una kwa mama yako."

Lakini mimi si mjinga. Kuna shindano la picha. Kila mwaka korongo wakitaka kuruka kwenda kaskazini hulizunguka kwanza hekalu la Gangtey mara tatu, kwa heshima. Atakayeleta picha bora ya jambo hilo anapewa ng'ombe wa kisasa mwenye mimba. Mwenye mimba! Natoa mmoja, naingiza wawili. Choki aliniuliza kama nimewahi kupiga picha maishani. Swali la ajabu.

Mwanyumba wangu Namgay, mume wa dada yake Choki, naye ameingia shindanoni. Kamera yake kuukuu, ameiazima kwa mwalimu. Namhurumia.

Jumamosi, 21 Februari

Kazi imeanza. Nilikaa kwenye kibanda cha kujifichia, ukingoni mwa kinamasi, nusu siku nzima. Nilipotoka jua lilikuwa limesogea kidogo sana. Pengine jua nalo lina baridi.

Korongo walikuwa mbali, wadogo kama punje za mchele zilizomwagika. Nikawasogelea. Wakasogea. Nikasimama. Wakasimama. Nikajifanya naenda kwingine, nikageuka ghafla. Walikuwa wameshageuka kabla yangu. Nani kawaambia?

Kumbe Namgay alikuwa kwenye mtaro wa shamba la viazi tangu alfajiri, amelala kifudifudi, blanketi mgongoni, barafu kwenye nyusi. Nilimkanyaga. Hakukasirika. Aliniomba tu nikae chini. Anasema ana siku thelathini na nne hapo. Ati korongo wanapaswa kukuzoea mpaka wakuone kama nguzo ya ua, na subira huvuta heri. Nikamwambia heri yangu mimi naivuta kwa mikono yangu miwili.

Thelathini na nne! Mtu mzima, ana watoto, anajifanya nguzo.

Jumapili, 22 Februari

Akili ni mali. Kwa nini niwafuate? Waje wao!

Nilichukua kapu moja la shayiri kutoka ghalani kwa mama mkwe, nikaimwaga mbele ya kibanda kwa mstari mzuri, nikajificha. Walikuja kunguru. Nikawafukuza. Wakaja farasi wanne wa jirani, Ap Khandu. Hao hawafukuziki. Nina picha sita za makalio ya farasi, kali kabisa, unaweza kuhesabu nywele.

Jioni Ap Khandu alikuja nyumbani kushukuru. Alishukuru mbele ya mama mkwe, kwa kirefu, akitaja kapu. Ile ilikuwa shayiri ya mbegu. Nimekula pilipili na jibini nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakuna aliyenikaribisha kukaa.

Jumanne, 24 Februari

Sijui niandike vipi ya leo.

Shuleni wana vazi la korongo, lile watoto wanalochezea ngoma kwenye sikukuu: mabawa, shingo nyeusi, mdomo wa mbao. Nilimwambia mwalimu ni kwa ajili ya utafiti. Ni la mtoto wa miaka kumi, limenifika magotini. Nikaingia kinamasini nikitembea kwa madaha.

Na ikafaulu! Hawakukimbia. Mmoja, mkubwa, alinijia hadi hatua tano. Akainama. Akaruka juu, akafungua mabawa, akanirushia kijiti miguuni. Hapo nilitaka kupiga picha. Mikono yangu ilikuwa ndani ya mabawa na kamera ilikuwa kifuani, ndani ya gho, joho langu la kufunga kiunoni. Akaruka tena. Nami nikaruka, kwa adabu. Sikujua la kufanya. Akapiga kelele, wengine wakaja kutazama. Niliporuka mara ya pili nikashuka kinamasini hadi kiunoni.

Namgay alinitoa kwa kamba. Nikamuuliza yule ndege alitaka kupigana au kuoa. Akafikiri sana, akaniuliza, "Wewe ulimjibu nini?"

Sijui nilimjibu nini! Hilo ndilo linaloninyima raha.

Na kwa sababu yangu Namgay alitoka mtaroni, korongo wakahamia upande wa pili wa bonde. Siku yake imeharibika. Hakulalamika. Alinikamulia soksi.

Alhamisi, 26 Februari

Nimelala siku nzima jana nikiwaza, na nimepata. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaza hivi.

Korongo wanalizunguka hekalu. Maana yake wana dini. Mwenye dini hafungi safari ovyo. Hutazama siku njema. Basi hawa nao wanakwenda na kalenda! Kwa nini nikae matopeni siku arobaini nikisubiri siku moja, wakati naweza kuuliza ni siku gani?

Nikapanda kwa Lopen Thinley, mtawa mnajimu. Nilimpelekea siagi (ya kuazima). Nikamuuliza siku bora ya mwezi huu kwa msafiri anayekwenda kaskazini. Akafunua karatasi zake ndefu, akanusa siagi, akasema tarehe kumi. Hakuna kama ya kumi. Nikataka kumbusu.

Nimehesabu kwa vidole. Mwaka mpya wa kalenda ya watawa ulikuwa Jumatano ya wiki iliyopita, hiyo ni tarehe moja. Basi kumi ni kesho! Sijamwambia mtu. Namgay amerudi usiku akiwa na miguu ya bluu, amekunywa chai yake ya siagi, akalala. Maskini. Angejua!

Ijumaa, 27 Februari

Nimekaa juu ya ukuta wa hekalu tangu kulipokucha. Nilikuwa na kamera, tambuu, popoo, chokaa na biskuti. Korongo walikula mizizi. Mchana walikula mizizi. Jioni walilala kwa mguu mmoja.

Sielewi. Nikaenda kwa Lopen Thinley nikitetemeka kwa baridi na kwa hasira. Nikamwambia ya kumi imepita na hakuna aliyesafiri. Akasema ya kumi haijapita, leo ni ya tisa. Vipi? Ati mwezi huu tarehe nane ziko mbili. Juzi ilikuwa nane na jana nayo ilikuwa nane. Nikamwambia mimi nimeishi siku zote hizo na sikuona nane mbili. Akasema wengi hawaoni.

Haya. Nikavuta pumzi. Nikasema kwa upole: kwa hiyo kesho ni ya kumi. Akasema la, kesho ni kumi na moja. Ya kumi imerukwa mwezi huu, ndivyo mahesabu yalivyotoka.

Nikamuuliza kwa nini basi alinitajia siku isiyokuwepo. Mzee alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Uliniuliza siku ipi ni bora," alisema. "Ya kumi ni bora. Hukuuliza kama ipo."

Nimeshuka mlima kichwa kikizunguka. Lakini nikiwa njiani mambo yakanyooka yenyewe! Kama ya kumi haipo, korongo hawawezi kuondoka mwezi huu. Hawaondoki siku isiyokuwepo. Watangoja ya kumi ya mwezi ujao. Nina mwezi mzima! Kwa mara ya kwanza tangu Yangka aondoke nitalala kama mtoto.

Jumamosi, 28 Februari

Wameondoka.

Tulikuwa na mashindano ya upinde, kijiji cha chini na kijiji cha juu, kwenye uwanja ulio chini ya hekalu. Kwa nini nisiende? Nina mwezi mzima. Nilikuwa nimevuta upinde, na wapinzani wananichezea ngoma mbele ya shabaha kama kawaida yao, wakiimba kwamba huyu alitoa ng'ombe apewe jicho la kioo na bado ni kipofu. Nikasikia sauti juu. Uwanja mzima ukainua nyuso.

Walikuwa mia na zaidi, shingo zimenyooka, jua likiwapiga tumboni. Wakalizunguka paa la dhahabu mara ya kwanza. Nikatupa upinde, nikaingiza mkono kifuani mwa gho, ambamo mna kila kitu changu. Nikatoa kisu. Nikatoa popoo. Nikatoa biskuti. Mara ya pili. Nikashika kamera, ikagoma kutoka, mkanda umejifunga kwenye kikopo cha chokaa ya tambuu. Nikavuta kwa nguvu. Mara ya tatu. Nikaiweka jichoni, nikabofya, nikabofya, nikabofya!

Nina picha kumi na tisa za weupe. Kikopo kilikuwa kimefunguka na chokaa yote imeingia kwenye lenzi. Nikaifuta kwa mkono wa gho. Sasa ina mikwaruzo pia.

Nikauliza watu mbona wameondoka na leo ni kumi na moja. Hakuna aliyenielewa.

Niliporudi nyumbani mama mkwe alikuwa mlangoni akitazama kaskazini. Hakunigombeza. Aliingia ndani tu, akasema nisubiri zawadi zitolewe Jumanne, asionekane ana pupa, kisha nifunge mzigo. Choki alichukua gho yangu ya pili akaikunja, vizuri, polepole, akiipapasa mikunjo. Hapo niliogopa. Niliogopa kweli. Kwa mama kuna chumba kimoja na kaka zangu watatu, lakini si hicho. Ni ile mikunjo.

Jumanne, 3 Machi

Namgay ameshinda.

Picha yake waliitundika ukutani, kubwa kama mlango. Alipiga moja tu. Siku arobaini na moja, picha moja! Korongo wote wako juu ya paa la dhahabu, duara kamili, na wewe unasikia kabisa mlio wao. Wazee waliondoa kofia. Chini, kwenye kona, kuna uwanja wa upinde, na watu wote wadogo wadogo wameinua nyuso. Wote isipokuwa mmoja. Mmoja ameinamisha kichwa ndani ya gho yake kama kuku anayetafuta kiroboto.

Watu walicheka mpaka mwalimu akakaa chini. Majaji walisema mtu yule ndiye anayeifanya picha iwe hai. Nilisimama nikainama. Nilidhani nimeshinda mimi.

Tukarudi nyumbani na ng'ombe. Mweusi, mzuri, tumbo hilo! Mzigo wangu ulikuwa mlangoni. Nikaubeba. Namgay akapita na kamba mkononi, akaingia zizini moja kwa moja, akamfunga ng'ombe pale alipokuwa akifungwa Yangka.

Mama mkwe akamuuliza kwa nini hampeleki kwenye banda lake mwenyewe.

"Mama, ulisema zizini mwako muwe na ng'ombe," alisema Namgay. "Hukusema aletwe na nani."

Mama mkwe alimtazama Namgay, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Choki alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Halafu mama mkwe akaninyang'anya mzigo, akautupa ndani. Akasema kuna samadi ya kuzoa na haitajizoa.

Nimezoa. Machozi yalinitoka. Samadi ya ng'ombe wa kisasa ni kali.

Alhamisi, 5 Machi

Nimetulia na nimetafakari. Lazima mtu ajifunze kutokana na yaliyompata.

Kwanza, picha imeshinda kwa sababu nimo. Majaji wenyewe walisema. Nimemweleza Namgay kwa upole kwamba kwa haki nusu ya ushindi ni yangu. Amekubali! Amesema chukua, mwanyumba. Wala sikuhitaji kubishana. Mtu mwema, ila hajui kujitetea.

Pili, mbinu yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilisema nitatoa ng'ombe mmoja niingize wawili. Hesabu wewe mwenyewe.

Tatu, kosa langu ni moja: nilingoja mno. Siku nane kwa ndege! Nimemwambia Choki kwamba subira ndiyo iliyoniponza, akaenda nje, akakaa huko kitambo, mabega yakimtikisika. Amenielewa sana.

Ap Khandu anasema kuna chui kwenye msitu wa juu, amekula mbwa wawili. Hakuna mtu bondeni mwenye picha ya chui. Namgay anasema itachukua miaka miwili, na kwamba nisiende peke yangu. Miaka miwili! Nimesafisha lenzi kwa mate, mikwaruzo haionekani sana ukifumba jicho moja. Napanda sasa hivi. Nimewaambia wasiniwekee chakula kando, nitakula nao hapa mezani jioni hii hii. Chai nimebeba kikombe kimoja.