Brosheti za Jubile ya Padri Ignace

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo naanza kuandika. Mayele kama yangu, yaani akili na ujanja, hayafai kupotea hewani.

Habari kubwa! Tarehe 29 Padri Ignace anafanya jubile ya upadri wake. Parokia nzima itakula. Na nyama ya kuchoma itatoka mahali pamoja tu: kwangu, au kwa Maman Francine, ng'ambo ya barabara. Ni sisi wawili tunaochoma brosheti, mishikaki ya mbuzi, hapa Bukavu, chini ya ngazi za Kadutu. Mimi nilitangulia. Yeye akaja na redio yake na kicheko chake, na tangu hapo wateja wangu wanavuka barabara bila hata haya.

Leo mkutano wa shirika letu la parokia. Maman Marie-Louise, rais wetu, akasema safari hii hatuchagui kwa kuonja, maana Pasaka tulionja mpaka watu wakashikana mashati. Tutachagua kwa sayansi. Akamsimamisha Mademoiselle Colombe, mtafiti anayefanya kazi upande wa Lwiro. Huyo atapima sumu ya moshi ndani ya nyama ya kila mmoja. Mwenye nyama safi ndiye atakayechoma. Matokeo yatasomwa mbele ya watu wote.

Colombe akatueleza. Mafuta ya nyama yakidondokea makala, yaani makaa ya moto, yanatoa moshi. Moshi unapanda na kemikali mbaya, zinakaa kwenye nyama, na mtu akizila miaka na miaka zinaweza kumletea kansa. Palipoungua pakawa peusi ndipo pabaya zaidi. Dawa? Ondoa mafuta, inua wavu mbali na makala, loweka nyama kwenye ndimu na kitunguu, ifunge kwa majani ya ndizi, na usiwashe moto kwa plastiki. Valérie, bibi yangu wa ndoa, alisikiliza kama yuko misani. Mimi nilitazama dirishani. Mtu wa kazi hafundishwi kazi yake.

Nyumbani, Valérie akanikalisha. Papa Glody, akasema, maana ananiita kwa jina la mtoto wetu, nimechoka na mayele yako, yamekimbiza wateja wote. Tukikosa hii jubile, mbabula hii, jiko letu la makala, inakuwa yangu, na wewe unaenda kijijini Mumosho kulima mihogo kwa kaka yangu Bruno. Mumosho! Kwa Bruno, anayeamka kabla ya jogoo na kuimba zaburi huku ananoa jembe! Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumanne, 4 Juni

Nimefikiri usiku mzima. Sumu iko kwenye nyama. Sawa. Kitu kichafu kinafanywa nini? Kinaoshwa! Jambo jepesi hivi, na watu wanazeekea chuoni.

Asubuhi, kabla Valérie hajarudi kutoka sokoni, niliosha brosheti zote kwa sabuni ya unga, ile ya harufu ya maua. Nilisugua kwa brosi. Kusuuza nilisuuza kidogo tu, maana maji ya bomba yalikuwa yamekatika.

Juu ya makala zikatoa povu. Povu jeupe, zuri, la kupendeza macho. Mteja wa kwanza akawa Papa Hugues, mushonaji wa kibanda cha jirani. Akala mbili, akaanza kunisimulia mechi ya jana. Kila akifungua mdomo, kipovu kinatoka. Kimoja kilipaa mpaka kwenye cherehani yake. Watu wakasimama kutazama. Wengine walidhani ni tangazo.

Akakasirika! Akasema hii nyama yako, Papa Apollinaire, iko na sabuni, na kwamba kuanzia leo atakula kwa Francine mpaka siku wanamuzika. Nikamkumbusha kuwa tumbo lake limeoshwa bure. Hakunishukuru.

Jioni Valérie akauliza sabuni yake imekwenda wapi. Nikasema sijui. Akaninusa mikono, akaenda kulala bila kuniaga.

Alhamisi, 6 Juni

Mayele mapya! Sumu inatoka kwenye moshi. Moshi unatoka kwenye moto. Basi tuchome bila moto! Jua la kiangazi lipo, ni la Mungu, na halina makala.

Nikapanda juu ya mabati ya nyumba yetu, nikapanga brosheti mstari kwa mstari. Bati linaunguza miguu vibaya sana. Ishara nzuri. Nyama ikaanza hata kulialia. Nikashuka kuchukua chumvi.

Vipanga! Vipanga wa Bukavu hawana dini. Walishuka kundi zima. Huyu kabeba, yule kabeba, wengine wanapigania mabaki juu ya kichwa changu. Nikawarushia kiatu. Kiatu kikabaki juu ya bati, nyama ikaenda zake.

Kipanga mmoja mnene akavuka barabara na brosheti yangu kubwa. Ikamshinda uzito. Akaiachia. Ikaangukia wapi? Juu ya mbabula ya Maman Francine! Na yeye, bila kushtuka, akatazama juu, akafanya ishara ya msalaba, akaigeuza, akaitia pilipili, akampa Papa Hugues. Nikavuka mbio kudai mali yangu. Akaniambia kwa upole, jirani, kitu inatoka mbinguni haina mwenyewe. Foleni nzima ikafa kwa kicheko. Nilitaka ardhi inimeze.

Lakini sikurudi mikono mitupu. Niliona siri yake. Anawasha moto kwa sandali kuukuu za plastiki! Moshi mweusi tii, nyama nyeusi inang'aa, harufu inafika mpaka juu ya ngazi. Na watu wamejipanga kama wanaenda kukomunika. Hapo nikaelewa. Watu wengi hivyo hawawezi kukosea. Nyama ya Francine ndiyo safi, kwa sababu sumu yote inatoka nje na moshi. Ingekuwa bado imo ndani, moshi ungekuwa mweusi kwa sababu gani?

Jumamosi, 8 Juni

Leo siku ya kuchukua nyama ya kupimwa. Valérie alinitoa kwenye mbabula yangu mwenyewe! Akasema nikae kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, aione.

Ee mama, mambo aliyoyafanya! Alikata mafuta yote na kumrushia paka. Alileta matofali akauinua wavu, mpaka nyama na makala vikawa havijuani. Alikuwa ameiloweka nyama kwenye ndimu na kitunguu tangu jana. Aliifunga kwa majani ya ndizi. Kila penye alama nyeusi, akakwangua kwa kisu. Ilichukua muda mrefu sana. Na mwishoni ilitoka nyama gani? Imepauka kama mtu aliyetoka hospitali! Hata moshi haikuwa nao. Niliona Mumosho inanikaribia.

Colombe akafika na sanduku lake la barafu. Akachukua kipande kwetu, akakitia kwenye kimfuko, akabandika karatasi yenye namba moja. Akavuka kwa Francine, akachukua kipande, namba mbili. Akaweka vyote sandukuni, sanduku juu ya benchi letu.

Hapo hapo Padri Ignace akapita. Na hapa kwetu padri akipita, kazi inasimama. Valérie akaacha kisu, Francine akavuka na koleo mkononi, Colombe naye akaenda kupiga goti. Wote barabarani, vichwa chini, wanangoja baraka.

Mimi nikabaki na sanduku.

Karatasi zinabanduka kirahisi tu. Namba moja nikaibandika kwenye nyama ya Francine, namba mbili kwenye ile maskini yetu. Nikafunga. Kisha nami nikakimbilia baraka, nikaipata ya mwisho. Padri aliniwekea mkono kichwani. Nilijisikia vizuri sana.

Jumapili, 23 Juni

Lazima niandike yote.

Baada ya misa tulijaa ukumbini. Nilivaa koti. Nilikuwa na hotuba fupi mfukoni, ya ushindi, yenye methali. Colombe akasimama na karatasi zake. Akaanza na namba moja, nyama ya Papa Apollinaire. Nikasimama kidogo ili watu wanione.

Akasema hajawahi kuona nyama yenye sumu ya moshi kama hii. Imepita kipimo, ikaendelea. Akamwomba Padri radhi, akasema nyama hii hangempa hata mbwa wa adui yake. Namba mbili, ya Maman Francine, ni safi mno, karibu haina kitu.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nikakaa. Valérie hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, akayapangusa kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Akasema polepole kwamba alifanya kila kitu alichoambiwa, kila kitu. Niliumia, nakiri. Sikupenda kumwona hivyo.

Wakamwita Francine mbele aeleze siri yake. Mwanamke yule hana uongo, hilo nampa. Akasema yeye anawasha kwa sandali za plastiki, na za rangi ya waridi ndizo zinashika moto haraka. Mafuta hatoi, mafuta ndiyo utamu. Kama nyama iko safi basi ni Mtakatifu Antoni, maana alimwomba. Akaanza kulia kwa furaha. Miwani ya Colombe ilianguka chini. Akasema haiwezekani. Akarudia, haiwezekani, haiwezekani.

Mimi wakati huo nahesabu vidoleni. Moja iko na sumu. Mbili iko safi. Lakini mbili… mbili niliibandika kwenye… Yesu na Maria! Safi ni yetu! Tumeshinda! Mumosho imekufa!

Nikaruka juu ya benchi. Nikapiga kelele kwamba namba mbili ni yangu! Ni nyama ya nyumba yangu! Nilizibadilisha mimi mwenyewe, kwa mikono hii hii! Nikainua mikono juu ili walio nyuma waione. Nikangoja makofi.

Mzee mmoja akakohoa.

Padri Ignace akaniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, nilizibadilisha saa ngapi. Nikajibu kwa heshima: ulipokuwa unatubariki, Padri.

Hapo makelele ndiyo yakaanza. Maman Marie-Louise akagonga meza mpaka glasi ikamwagika. Akatoa uamuzi. Nyama ya jubile itachomwa na Maman Valérie. Maman Francine atamsaidia, bila sandali. Na Papa Apollinaire asikaribie hata moto wa kuchemsha chai. Watu wakampigia bibi yangu vigelegele. Papa Hugues akapanda juu ya kiti kumshangilia. Na mimi nikapiga makofi, kwani mimi si mume wake?

Tulipofika mlangoni Valérie akasema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia tumeshinda, mama, unalalamika nini? Akaniuliza nitabeba mfuko mweusi au ule wa buluu.

Jumamosi, 29 Juni. Mumosho

Siku ya jubile. Nimelima tangu asubuhi. Bruno ameimba zaburi zote, na zile ndefu amezirudia.

Mchana Valérie akapiga simu. Nyuma yake ngoma, vigelegele, kasiksi, ile pombe ya ndizi, inamiminwa kwenye vikombe. Akasema nyama imekwisha, watu wamebaki kulamba majani ya ndizi. Francine anauinua wavu juu kuliko hata yeye, na sandali zake amezitupa mbele ya Colombe. Kisha akasema, Papa Glody, ingekuwa tamu zaidi kama ungekuwa hapa. Nilitazama upande wa mto Ruzizi ili Bruno asione macho yangu.

Akaniambia neno moja. Nikikaa kwa Bruno bila mayele yoyote mpaka mihogo hii ikauke na kusagwa, atanirudisha kwenye mbabula. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, Mungu ni shahidi.

Sasa, kuna jambo. Jumatatu Colombe anakuja huku Mumosho. Anapima mihogo, maana Bruno anasema mihogo michungu inazaliwa na sumu yake. Lazima ilowekwe mpaka ilainike na kunuka, ndipo sumu inatoka na maji. Ya Bruno iko kwenye pipa nyuma ya nyumba. Nimekwenda kuiona. Imelegea, na inanuka mpaka mbuzi wanapita mbali! Kisha nikachungulia pipa la jirani yetu, Fabien. Aliiloweka jana tu, anataka kuianika haraka. Jamani, mihogo mizuri! Myeupe, migumu, haina harufu hata kidogo.

Nilimwonyesha Bruno. Akasema ya Fabien bado ina sumu tele na yetu ndiyo iko tayari, na kwamba nisiguse. Wapi! Tangu lini kitu kinachonuka kikawa safi? Maskini Bruno, Colombe atamwaibisha mbele ya kijiji kizima. Na yeye ni kaka wa bibi yangu. Siwezi kukaa tu nikiangalia.

Nimeapa kuacha mayele, na nimeacha. Huku ni kusaidia ndugu. Kesho wote wakiwa misani nitahamisha: ya Fabien iingie pipa letu, yetu iende kwake. Na makosa yangu nimeyajua. Safari hii, wakisoma matokeo, sipandi juu ya benchi.